Kuijua Nafsi Mbele ya Mungu



Injili ya Dominika hii ya 30 ya Mwaka B inatupeleka nje ya mji wa Yeriko, kando ya barabara alipoketi Bartimayo, kipofu mwombaji. Yesu alipomwita, alimwuliza anataka afanyiwe nini. Swali hilo lashangaza. Ni nani pale asiyeona kwamba mtu yule ni kipofu? Lakini Bwana hakupenda kumponya kabla yeye mwenyewe hajaitaja haja yake. Bartimayo angaliweza kuomba sarafu, kama alivyozoea. Yeye aliomba kuona. Aliijua shida yake.

Je, sisi twaijua yetu? Tumfikirie baba anayerudi jioni na kuwagombeza watoto kwa sababu maji ya kuoga hayajawa tayari. Maji si kitu. Mchana amedhalilishwa kazini mbele ya wenzake, akanyamaza. Aibu ile ameileta nyumbani, nayo imevaa nguo ya hasira. Mwaka hata mwaka anaungama kwamba ana hasira, na kila mara anaondolewa dhambi kweli. Lakini jeraha linaloizaa hasira hiyo hajalionyesha kwa Mungu wala kwa mwanadamu. Wataalamu wa elimunafsi wanatufundisha kwamba hisia isiyotajwa jina haifi; hututawala kwa siri. Mafundisho hayo hayapingani na imani. Mungu aliyetukomboa ndiye aliyetuumba na nafsi hii.

Kanisa lina mwalimu mkubwa katika jambo hili. Mwaka 1521, huko Pamplona nchini Hispania, askari mmoja wa ukoo wa Loyola alivunjwa mguu na risasi ya mzinga. Ndiye Mtakatifu Inyasi. Alipokuwa akiuguza mguu nyumbani kwao, aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikupatikana, akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Basi akawa anawaza, mara sifa za dunia, mara kumtumikia Mungu kama Fransisko na Dominiko. Polepole akatambua tofauti: mawazo ya kwanza yalimfurahisha kwa kitambo, kisha yakamwacha mkavu, ya pili yalimwachia amani hata yalipokwisha. Hapo alianza kupambanua mivuto ya moyo, na kutokana na mang'amuzi hayo kilizaliwa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548.

Lakini tusidhani kwamba njia yake ilikuwa nyepesi. Mwaka 1522, akiwa Manresa, alishikwa na wasiwasi mkali wa dhamiri. Aliungama dhambi zilezile tena na tena bila kupata raha, hata akajiwa na wazo la kujiua. Alifunga juma zima bila kula, akidhani Mungu atamwonea huruma. Ni padri muungamishi aliyemwamuru ale, naye akatii. Mwishowe akaazimia kutoziungama tena dhambi za kale. Leo matabibu wa akili wanajua kwamba mtu anayesumbuliwa na wazo moja, akarudia tendo lilelile bila kutulia, huenda ni mgonjwa, na ugonjwa huo una tiba.

Hapa, ndugu zangu, tujihadhari na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kuuita ugonjwa dhambi: kumwambia mama aliyekosa usingizi na hamu ya kuishi kwamba imani yake ni haba. La pili ni kuiita dhambi ugonjwa: kusema ndivyo nilivyoumbwa, ili nisitubu wala nisimrudishie jirani haki yake. Kosa la kwanza humtwika mnyonge mzigo usio wake. La pili humwondolea mtu heshima ya kuwajibika. Anayejijua mbele ya Mungu hujifunza kusema: hili nilitenda, naomba msamaha, hili limenipata, naomba kuponywa.

Tukumbuke pia umati wa Yeriko. Walimkemea Bartimayo anyamaze. Nasi mara nyingi tu umati huo. Enyi makatekista, na ninyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ajapo kwenu mtu anayelia majuma mengi, au asemaye kwamba afadhali afe, msimnyamazishe kwa maneno ya haraka. Msikilizeni. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kama mngefanya kwa aliyevunjika mguu, na mwendelee kusali pamoja naye. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na kila mmoja wetu ajiwekee robo saa kila jioni, kama Inyasi alivyofundisha. Kwanza, mshukuru Mungu kwa mema ya siku. Pili, omba mwanga wake, maana bila huo tutajihukumu ovyo au kujisifu ovyo. Tatu, ipitie siku saa kwa saa. Pamoja na kujiuliza nimetenda nini, jiulize moyo wangu ulivutwa wapi, ni nini kilichoniacha na amani, na ni nini kilichoniacha mkavu. Nne, omba msamaha. Tano, weka kusudio moja la kesho, dogo na la wazi. Labda baba yule, akikaa hivyo jioni chache, ataiona aibu chini ya hasira, na kesho yake atamwambia mkewe yaliyompata kazini. Watoto watapumzika.

Bartimayo alipopata kuona, alimfuata Yesu njiani. Nasi hatutafuti kuijua nafsi ili tukae tukijitazama, bali tuinuke, tumfuate.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.