Mafuta, Dola na Mshahara Wetu
(Hotuba kwa wanachama, Kabazi)



Nauli ya kutoka Kabazi kwenda Nakuru haipangwi na makanga peke yake. Mafuta hushushwa Mombasa, hupita katika bomba hadi Nakuru, na hununuliwa kwa dola za Marekani. Sisi hulipwa shilingi.

Machi 2023 dola zilikuwa adimu. Serikali ikapatana na makampuni ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu tuletewe mafuta kwa mkopo wa siku 180. Hata hivyo, Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160. Taifa lisilo na dola hubisha hodi kwa wenyewe.

Basi, ndugu zangu, tudai mshahara upande pamoja na gharama, na jambo hilo liandikwe katika mapatano. Umoja ni nguvu.