Gari ya chama: namna tulivyopata ugonjwa wake
(Maneno ya komite ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Wengi wenu mumetuuliza. Mulituambia gari imekufa, mukatuomba mchango wa moteri nyingine, na sasa tunaiona inapita na moteri ile ile. Pesa yetu imeenda wapi? Ni swali la haki. Tutalijibu kwa hesabu. Halafu tuko na neno la kusema mbele ya shofere wetu, ambaye amekaa pale karibu na mlango.

Gari munaijua. Ni Hiace ya mazutu, imezeeka kuliko watoto wengi tuliorudi nao kutoka Lugufu na Nyarugusu. Inashusha wagonjwa hospitali, inabeba mihogo na mawese siku za soko. Shida ilianza wakati wa kiangazi. Kwenye barabara ya tambarare, kando ya ziwa, mshale wa joto ulikaa katikati bila neno. Lakini ikianza kupanda njia ya Fizi na mzigo, mshale unaenda kwenye nyekundu, nguvu zinaisha, na abiria wanashuka kutembea kwa miguu. Siku moja ilikuwa imebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ikasimama mlimani karibu saa nzima, maji yanachemka, tunangoja ipoe. Mama na mtoto ni wazima, tunamushukuru Mungu. Lakini siku ile tuliogopa sana.

Tukaita mekanisie. Alisikiliza moteri dakika tano, hakufungua kitu, akasema: gasketi ya kulase imeungua, moteri imekwisha, tafuteni ya okazio kwa dola 1,500. Sisi komite tukaamini. Tukafanya na kosa la pili: tukasema shofere ndiye aliyeiua, anabeba mizigo yake ya siri. Tukamusimamisha kazi wiki tatu.

Mzee mmoja wa chama, aliyekuwa fundi kule kambini Tanzania, ndiye aliyetuzuia. Alisema: "Munazika mutu mwenye hamujapima hata homa." Tukamupa gari siku nne. Tutaeleza alivyofanya, maana kila kijiji kiko na pikipiki, mashine ya kusaga ao jenereta, na njia ya kutafuta ugonjwa ni moja.

Alianza kwa kumuita shofere, yule tuliyemufukuza, akamuuliza: inachemka wakati gani? Gari ikichemka imesimama tu, angalia feni kwanza. Ikichemka kwenye mlima na mzigo, angalia kama maji yanazunguka vizuri na kama radiatere inapoza. (Kule kambini tuliiita rejeta, ni kitu kimoja.) Shofere alijibu yote, hata kona ambapo mshale unaanza kupanda. Mwezi mzima hakuna mutu wa komite aliyekuwa amemuuliza.

Halafu akapima ile gasketi iliyohukumiwa. Asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa, alifungua kifuniko cha radiatere, akajaza maji, akawasha. Kama gasketi imeungua, moshi wa ndani unaingia kwenye maji: mapovu yanatoka bila kukoma, maji yanasukumwa nje hata kabla ya kupata moto, na mpira wa juu unakuwa mgumu mara moja. Kwetu mapovu machache yalitoka, yakaisha. Akavuta kijiti cha oili: nyeusi, haikufanana na chai ya maziwa, basi maji hayakuingia ndani yake. Moshi mweupe nyuma haukuwepo. Kulase ilikuwa nzima. Tulikuwa karibu kununua moteri ya dola 1,500 kwa ugonjwa ambao haukuwepo.

Tuseme hapa neno la usalama. Kifuniko cha radiatere kinafunguliwa asubuhi, moteri ikiwa baridi. Mwanachama mmoja alikifungua mlimani kwa haraka, na alama za moto ziko kwenye mkono wake hata leo.

Kifuniko chenyewe kilikuwa na ugonjwa. Mpira wake wa ndani ulipasuka. Munajua ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji ya sufuria yanachemka karibu digrii 97. Kifuniko kizima kinabana maji hata yanapita digrii 110 bila kuchemka. Kilichopasuka hakibani kitu, basi radiatere inakuwa kama sufuria tu.

Feni ilikuwa nzuri. Moteri ikiwa ya moto na imezimwa, aliizungusha kwa mkono, ikakataa kidogo. Ingezunguka bure, tungejua imechoka.

Kisha akapitisha mkono mbele ya radiatere baada ya safari, moteri imezimwa. Juu ilikuwa moto, katikati na chini baridi kama ukuta. Pale baridi ndipo maji hayapiti. Tulipoifungua tukaona matope na chokaa. Na tunajua vilitoka wapi: sisi wote tumeona shofere akichota maji Mutambala, ao ziwani, na tulimusaidia kubeba bidoni. Mto unaleta matope. Maji ya ziwa yako na chumvi, na chumvi hiyo inabaki kwenye radiatere kama inavyobaki kwenye birika la chai. Nje nako nyasi na udongo vilifunga matundu ya upepo.

Jambo lililotushangaza zaidi ni termostati. Hatukuikuta. Fundi fulani wa zamani aliitoa, kwa sababu watu wanasema nchi za joto haziihitaji. Katika moteri kama yetu kile kidude kinafanya kazi mbili. Moteri ikipata moto kinafungua njia ya kwenda kwenye radiatere, na saa ile ile kinafunga njia fupi inayorudisha maji ndani ya moteri. Kikitolewa, njia fupi inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kufika kwenye radiatere hata kidogo. Basi yule aliyeitoa ili gari ipoe, ndiye aliyeongeza joto. Tukanunua mpya, na mzee akaijaribu kwanza nyumbani: aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, akaona ikifunguka karibu digrii 82, ndipo akaifunga kwenye moteri.

Yote hayo yalitengeneza joto. Nguvu bado. Hapa mzee alitufundisha tengeneza kitu kimoja, halafu panda mlima ule ule na mzigo ule ule. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichoponyesha. Mlimani moshi ulikuwa mweusi sana, maana yake mazutu inakosa hewa. Filta ya hewa ilijaa vumbi laini kama unga wa muhogo. Tukaweka mpya, tukapanda: moshi mweusi ukaisha, lakini karibu na juu gari ilikuwa bado inakata pumzi. Basi ikabaki njia ya mazutu. Chini ya filta yake kuna kizibo cha kutolea maji, na tangu tununue gari hakuna mutu aliyekifungua. Yakatoka maji na uchafu, kwa sababu tunanunua mazutu ya bidoni kando ya barabara na kuimimina bila kuchuja. Tukabadilisha filta, tukasafisha tangi. Safari ya tatu gari ilipanda na watu kumi na magunia manne, mshale katikati, na hakuna aliyeshuka.

Kumbe yalikuwa magonjwa mawili, na moja lilikuwa linalisha lingine. Gari ikikosa nguvu, shofere analazimika kupanda kwa vitese ya kwanza, mguu umekanyaga mpaka mwisho. Moteri inazunguka sana, gari inatembea polepole, upepo haupiti, na radiatere iliyoziba haiwezi. Sisi tuliona joto tu, tukaliita ugonjwa. Mzigo wa siri haukuwepo.

Basi shofere, tunasema mbele ya watu wote: tulikukosea. Tulikuhukumu kabla ya kukuuliza, na tulijua wazi namna inavyouma. Wengi wetu tuliporudi tulikuta watu ndani ya mashamba yetu, tukaambiwa sisi ndio wageni, bila mutu kusikiliza. Mshahara wa zile wiki tatu utalipwa wote. Na toka leo, hakuna mfanyakazi wa chama atakayesimamishwa kabla hajasikilizwa.

Sasa hesabu. Mchango uliopatikana ni dola 412. Kuzibua radiatere na kuiziba mahali ilipovuja, 40. Termostati na gasketi yake, 18. Kifuniko, 7. Filta mbili, 22. Kusafisha tangi, 15. Mkono wa mzee, 35. Yeye alitaka kukataa, tukamulazimisha. Jumla ni 137, zimebaki 275. Risiti ziko hapa mezani, kila mutu aje aangalie.

Tunapendekeza mambo matatu. Gari itembee na bidoni mbili za maji safi ya mvua, yasiwe ya mto wala ya ziwa. Mazutu ichujwe kwa kitambaa, na kile kizibo kifunguliwe kila Jumamosi. Shofere awe na daftari aandike siku, mzigo na mahali mshale ulipofika, na komite isome daftari kila mwezi.

Zile dola 275 ni zenu. Tukisha kutoa mshahara wa shofere, munaweza kuamua kinachobaki kirudishwe kwa waliotoa, ao kiwekwe kwenye sanduku la matengenezo. Komite haitaamua peke yake. Tunafungua mazungumuzo, na tunaomba shofere aseme wa kwanza.