Mafuta ya Giaboksi kwa Magari ya Mlimani

Leo twataka kunena juu ya mafuta ambayo mwenye gari hayaoni kwa macho yake miezi mingi, na kwa kuwa hayaoni huyasahau, nayo ni mafuta ya giaboksi. Twawakusudia hasa ninyi mkaao Mzinga, Mlali na Mgeta, chini ya milima ya Uluguru na juu yake, ambao kabichi, viazi, karoti na njegere zenu hushuka kwenda sokoni katika magari ambayo dereva hubadili gia kwa mkono wake.

Njia yenyewe mwaijua kuliko sisi. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, na vilele vya Uluguru hupita mita 2,600. Barabara iachayo ile ya Iringa pale Sangasanga hupita Mlali, kisha huanza kupanda kwa kona baada ya kona kuelekea Mgeta. Kupanda si taabu kubwa. Gari likishindwa litasimama, na abiria watashuka wasukume. Kazi ni kushuka na mzigo. Dereva mwenye akili huingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, ili injini yenyewe ishike gari, na breki apate kuzitumia kwa uchache. Sasa fikirini gia ile imekataa kuingia. Gari limekwisha toka katika gia ya kwanza isiyofaa, halijaingia katika ya pili, liko huru, na uzito wa magunia walisukuma. Hapo hubaki breki peke yake, nazo zikipata moto mwingi hulegea. Kwa sababu hiyo twasema ya kwamba uchaguzi wa mafuta ya giaboksi si jambo la fedha tu. Juu ya magunia yale mara nyingi huketi watu.

Ili tuelewe kwa nini mafuta yaweza kuizuia gia isiingie, yatupasa kuchungulia ndani ya sanduku lile. Humo mna vyuma vya mviringo vyenye meno, vingine vyazunguka upesi na vingine polepole. Dereva asukumapo mkono wa gia, hufunga chuma kimoja na mhimili wake. Lakini viwili vizungukavyo kwa mwendo mbalimbali haviwezi kufungana bila kugongana. Basi katikati huwekwa pete, na katika magari mengi pete hiyo ni ya shaba ya rangi ya manjano. Pete hujisugua juu ya chuma kinachozunguka, hukishika, hukilinganisha mwendo na mwenzake, ndipo meno huingiana bila kelele. Magari ya Cadillac ya Marekani yalikuwa ya kwanza kuuzwa na ufundi huo, mwaka 1928. Kabla yake, na katika malori mengi hata miaka mingi baadaye, dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na asiyejua alitangaza ujinga wake kijiji kizima kwa mlio wa meno.

Angalieni sana neno hili, kwamba pete hufanya kazi kwa kushika. Mafuta ya giaboksi yatakiwa yateleze kati ya meno yasilane, na papo hapo yasiteleze mno pale penye pete. Mtu aliyepaka mkono wake mlenda akajaribu kusimamisha gurudumu la baiskeli linalozunguka, gurudumu litampita tu. Ndivyo ilivyo pete iliyozama katika mafuta yasiyoifaa.

Sasa twende dukani. Juu ya kopo la mafuta ya gia mtaona herufi GL na namba, mara nyingi 4 au 5. Alama hizo zatokana na Taasisi ya Mafuta ya Marekani. Wengi huona tano imezidi nne, wakafikiri ya tano ndiyo bora. Hizi si madarasa ya shule, kwamba aliye la tano amemshinda aliye la nne. GL-5 yametengenezwa hasa kwa ajili ya difu, yaani kile kichwa cha ekseli ya nyuma, ambamo meno husuguana kwa kuteleza chini ya uzito mkubwa mno. Ili chuma kisishikane na chuma, hutiwa humo dawa nyingi za salfa na fosforasi, ambazo hufanya utando juu ya chuma kikipata moto. Kwa difu hiyo ni kinga. Kwa giaboksi yenye pete za shaba huenda ikawa hasara ya namna mbili: salfa katika mafuta mengine hula shaba pindi joto likizidi, na utando wenyewe huifanya pete iteleze badala ya kushika. GL-4 yana dawa hizo kwa kadiri ndogo, na kwa sababu hiyo ndiyo yatajwayo kwa giaboksi nyingi.

Hata hivyo hatusemi GL-5 ni sumu kwa kila giaboksi. Viwanda vingine vimeifuga ile salfa isile shaba, na vitabu vya magari mengi ya Toyota, ambayo ndiyo yaliyojaa katika njia zetu, hukubali GL-4 au GL-5, uzito wa 75W-90. Kwa upande mwingine, giaboksi ya Peugeot 504, gari lililosifiwa sana Afrika ya Mashariki, ilitaka mafuta ya injini, wala si ya gia. Giaboksi nyingine hutaka mafuta mepesi mekundu ambayo mafundi huyaita haidroliki. Kwa hiyo fundi akuambiaye, “Giaboksi zote hula mafuta mamoja,” usimpe gari lako mpaka akuonyeshe kitabu cha gari hilo. Kitabu kikipotea, namba ya giaboksi yenyewe, pamoja na aina na mwaka wa gari, hutosha kwa wakala kukutafutia jibu.

Namba za uzito nazo hudanganya watu. Mtu aona 90 juu ya kopo la gia na 40 juu ya kopo la injini, akadhani ya kwanza ni mazito maradufu. La, hizo ni mizani mbili mbalimbali. Mafuta ya gia ya 90 yakipata moto wa kazi huwa na uzito karibu sawa na mafuta ya injini ya 40 au 50. Ile namba ya mbele yenye herufi W hueleza jinsi mafuta yatiririkavyo katika baridi. Ikiwa ndogo, mafuta huamka mapema. Kwa aliye mjini Morogoro tofauti ya 75W na 80W ni haba, lakini gari lililolala Mgeta usiku wa mwezi wa Julai litaionyesha asubuhi, gia za kwanza zikiwa nzito.

Mafuta ya kupima kutoka pipa lisilo na jina tusiyaguse, ingawa bei yake yavutia. Wala tusitie katika giaboksi mafuta yaliyokwisha tumika katika injini. Hayo yana masizi na tindikali, na akiba ya lita 2 au 3, ambacho ndicho kipimo cha giaboksi nyingi za pikapu, yaweza kumla mkulima fedha za mavuno mazima.

Siku ya kubadili, endesheni gari kwanza lipate joto, kisha lisimame mahali pa sawasawa. Fungueni bolti ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Neno hili dogo hupuuzwa, na mtu humwaga mafuta yote, kisha hugundua ya kuwa bolti ya kujazia imeganda kwa kutu, na gari haliwezi kwenda popote. Tazameni yaliyotoka. Unga laini wa kijivu juu ya sumaku ya bolti ni jambo la kawaida. Chembe zing'aazo kama dhahabu ni pete zinazoliwa, na vipande vya chuma ni habari ya fundi siku ile ile. Jazeni mpaka mafuta yaanze kuchuruzika katika tundu la kujazia.

Wakati wa masika, magari yavukapo vijito, kuna hatari nyingine. Giaboksi yenye moto ikiingia ghafula katika maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji ndani kwa tundu lake la kupumulia. Mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, yamwagwe yote bila kungoja kilomita zilizoandikwa katika kitabu.

Na hayo yaliyomwagwa yasiachwe chini, wala yasioshwe mtoni. Mto Mzinga huingia bwawa la Mindu, na maji ya Mindu ndiyo yanywewayo mjini Morogoro. Yatieni katika dumu lenye kifuniko, liwekeni mbali na watoto, na mwendapo mjini mlipeleke gereji ipokeayo mafuta machafu.