Sifa ya Mji Hutoka kwa Wenyeji Wake



Mwaka 1994 jina la Kigali, mji mkuu wa Rwanda, lilitajwa duniani kwa mauaji. Leo mgeni aufikapo mji huo husifu usafi wake. Sifa hiyo haikuletwa na majumba marefu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tangu saa mbili hata saa tano asubuhi, wakazi hutoka kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda, huyu na jembe, yule na ufagio. Kweli, asiyehudhuria bila sababu aweza kutozwa faini. Lakini askari hawezi kusimama penye kila mlango. Atupaye taka njiani huchafua jina lake mwenyewe, maana mgeni haujui mji ila kwa watu wake.