Msimbazi: Kazi Ianzie Juu

Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, unalenga kulipatia Jiji la Dar es Salaam bustani kubwa ya kupumzikia pamoja na daraja jipya la Jangwani. Ni jambo jema. Anayekumbuka mafuriko ya Desemba 2011 jijini humo hahitaji kushawishiwa. Lakini mchanga unaoujaza Mto Msimbazi pale Jangwani hautoki Jangwani. Unamomonyoka huko juu, kwenye vilima vilivyokatwa miti na kingo zinazochimbwa mchanga wa kujengea. Miti ipandwe kule kwanza, kingo ziimarishwe, mikoko ya mlangoni mwa mto ilindwe. Njia za matembezi zifuate. Na waliohamishwa bondeni wapewe kipaumbele katika ajira za kazi hizo.