Gari Husema Kabla ya Kuanguka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makindu)

Tumeombwa tuseme juu ya matengenezo ya motokaa na lori. Pengine mtu atauliza, watu wa reli wana nini na lori? Jawabu ni kwamba mzigo hauishii stesheni. Jamaa zetu wengi wa Kitui na Makueni ni madereva na mataniboi, na wazee wetu waliostaafu wengine wamenunua pikapu kwa kiinua mgongo chao. Spana ni ile ile.

Tena reli ina desturi mbili ambazo zafaa sana barabarani. Ya kwanza, treni haiondoki kabla breki hazijajaribiwa, hata mkubwa akiwa na haraka namna gani. Ya pili, dereva akiona kosa katika injini huliandika kitabuni, ili fundi asiseme hakuambiwa. Twataka desturi hizi mbili zishuke kwenye reli ziingie katika lori. Gari haliharibiki ghafula kama watu wasemavyo. Husema kwanza, na kazi yetu ni kulisikia.

1. MAJI YA REJETA

Kutoka Mtito Andei mpaka Nairobi barabara hupanda zaidi ya mita 800, na jua la huku twalijua. Lori lenye mzigo likichemka, usikimbilie kufungua kifuniko cha rejeta. Kifuniko kile hushika maji kwa nguvu ili yasichemke upesi. Hapa Makindu, ambapo ni karibu mita 1,000 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye joto la 97 hivi, lakini ndani ya rejeta iliyofungwa hupita 100 bila kuchemka. Ukifungua, yote hugeuka mvuke mara moja yakakurukia usoni. Simamisha injini, ngoja nusu saa, kisha fungua kwa kitambaa, polepole. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto, maana hedi itapasuka.

Kisha tafuta sababu. Tazama ukanda wa feni kama umelegea au umekatika. Tazama paipu za mpira kama zimevimba. Tazama uso wa rejeta kama umezibwa na mbegu za nyasi na vumbi. Uoshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukiona mapovu yanapanda ndani ya rejeta, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi imekwisha. Hapo usiendelee hata maili moja.

Jambo jingine ni maji yenyewe. Visima vingi vya Kitui na Makueni vina chumvi. Chumvi hiyo hugandamana ndani ya rejeta kama inavyogandamana ndani ya birika. Tumia maji ya mvua yaliyochanganywa na dawa ya rejeta. Na fundi akikuambia themostati ni ya nchi za baridi, aitoe aitupe, mkatalie. Injini isiyopata joto lake hula petroli na kuisha upesi.

2. BREKI

Hapa tutakaa zaidi, maana rejeta mbovu hukulaza njiani, lakini breki mbovu hukulaza kaburini.

Motokaa na lori ndogo hutumia mafuta ya breki. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, kanyaga pedeli uishike. Ikiwa yazama polepole chini ya mguu, mafuta yanavuja, ama nje ama ndani ya silinda kubwa. Ikiwa ni laini kama sponji, hewa imeingia. Hewa hutolewa na watu wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nati ya kutolea hewa. Gari nyingi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kubwa. Funga nati kabla mwenzako hajaondoa mguu, na usiache kopo la mafuta likauke, au utaanza upya.

Tunasikia watu wakitia mafuta ya injini au maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya ndani hata breki zikashika au zikaachilia. Maji nayo, breki zikipata moto, huchemka na kuwa mvuke, na pedeli huenda chini bila kazi. Hata mafuta halisi hunyonya unyevu, basi yabadilishwe kila miaka miwili.

Lori kubwa hutumia upepo, jamaa ya breki za treni. Mwaga maji yaliyo ndani ya matangi kila siku. Ngoja geji ijae, zima injini, usikilize; ukisikia sauti ya kuvuja, tafuta mahali. Upepo ukiisha, springi hufunga magurudumu ya nyuma. Hiyo ni rehema, si ubovu. Yule anayezifungua kwa boliti barabarani ili lori liendelee bila upepo amejiondolea mlinzi wake wa mwisho.

Na mteremko? Milima ya Mbooni na Kilungu mwaijua. Teremka kwa gia ile ambayo ungepandia. Kuweka gia huru ili kuponya dizeli ni kununua mauti kwa shilingi chache, kwa maana kazi yote ya kuzuia lori hubaki kwa breki, nazo zikipata moto mwingi hazishiki tena. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mapema.

3. MIPIRA NA JEKI

Kaza nati za gurudumu kwa kupishana, si kwa kuzunguka, na ukisha kwenda kilometa 50 hivi, kaza tena. Mipira miwili ya nyuma ikibana jiwe katikati, litoe kabla halijaitoboa. Ukijaza upepo kwenye rimu yenye ringi, usisimame mbele yake, imewaua wengi. Tena usiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Weka mawe kwenye magurudumu, na kipande cha mbao nene kama taruma chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinua, si ya kushika.

4. MITO YA MCHANGA

Mito yetu hukauka miezi mingi, kisha hushuka kwa saa moja. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa likipeleka watu arusini lilichukuliwa na mto Enziu, upande wa Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hakuna spana ya jambo hilo. Maji ya kina cha sentimita 60 yakienda kasi huchukua motokaa nyingi. Ngoja ng'ambo hata kama ni kulala.

Gari likizimika majini, usipige stata. Injini ikinyonya maji, maji hayagandamizwi kama hewa, na mikono ya pistoni hupinda. Livute nje, toa plagi au nozeli, uzungushe injini maji yatoke, ubadilishe mafuta ndipo uwashe.

5. KITABU

Sasa twarudi kwenye desturi ya pili. Wengi mtasema, haya yote twayajua, lakini tajiri asema peleka lori hivyo hivyo, la sivyo acha funguo mezani. Ndugu, hapo ndipo ufundi hukoma na umoja huanza.

Nunua daftari. Andika tarehe, namba ya lori, kosa, na jina la uliyemwambia. Yeye atie sahihi. Akikataa, mwenzako ashuhudie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyi kazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa aliyoiona, na yamkataza mwajiri kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lori lisilo na breki ni hatari hiyo. Lakini neno la mdomo hupotea. Ajali ikitokea, dereva ndiye husimama kortini peke yake, na tajiri husema hakuambiwa. Kosa lililoandikwa lina mwenyewe.

Mmoja akikataa kuendesha, huitwa mkaidi. Madereva wote wa yadi moja wakiandika na kukataa pamoja, breki hununuliwa. Basi kila mmoja aende na daftari lake, na mwenye kuona shida alete habari kwa katibu wa tawi kabla ya safari, si baada ya mazishi.

Umoja ni nguvu.