Kwa nini sakafu ya saruji inapasuka

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wakazi na kamati za usafi)



Mmetuomba tuseme juu ya nyufa. Wengi wenu mmejinyima mkanunua mfuko wa saruji, mkasakafia kibaraza au kufunika shimo la choo. Haupiti muda, ufa huo hapo. Watu husema saruji ilikuwa mbovu. Pengine ni kweli, maana saruji iliyopata unyevu hufanya mabonge na nguvu yake hupungua. Lakini mara nyingi ubaya uko kwenye maji na ardhi.

Fundi hupenda zege jepesi kama uji kwa sababu halimchoshi kusambaza. Maji yale ya ziada hayakai. Yanatoka, zege linasinyaa, linapasuka. Mfuko wa kilo 50 hautaki maji zaidi ya lita 25, yaani dumu moja la lita 20 na robo ya dumu. Mchanga ukiwa umelowa, punguza tena. Zege zuri ukilifinyanga mkononi linashikamana bila kuchuruzika.

Jambo ambalo wengi hawaliamini ni hili: zege halikazi kwa kukauka. Linakaza kwa sababu saruji na maji vinaungana, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Likipigwa na jua siku ya kwanza, kazi inakatika njiani. Basi lifunike kwa magunia au nyasi zilizolowa, ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Tunajua bombani kuna foleni. Maji yaliyooshea mboga yanafaa, na kipande cha plastiki kuukuu juu yake kitazuia unyevu usipotee.

Kuhusu ardhi, toa udongo wa juu wenye nyasi na mizizi. Kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita 15. Ukikirundika chote kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini patabaki patupu. Maji ya paa nayo yachimbiwe mfereji, la sivyo yatakula udongo chini ya ukingo. Kibaraza kirefu kigawe kwa mistari, kila mita moja na nusu, ili zege likisinyaa lipasuke kwenye mstari.

Mfuniko wa choo ni habari nyingine, kwa sababu chini yake hakuna ardhi, na wanaoukanyaga ni pamoja na watoto. Nondo zikae karibu na upande wa chini, zikiinuliwa sentimita 2 au 3 kwa vijiwe, kwani uzito wa mtu huuvuta upande huo. Mfuniko wenye ufa unaopita toka juu hadi chini usiuzibe kwa lipu. Lipu inaficha ufa tu. Funga choo hicho leo, kisha iarifu kamati ya usafi ya mtaa wako.